Mchezo wa Bao Ndani ya Kompyuta

Bao la Kiswahili ni mchezo wa watu wawili, wenye ubao wa mashimo 32 na kete 64. Mashimo yamepangwa safu nne, manane kila safu. Safu mbili ni za mchezaji mmoja na mbili ni za mwenzake. Hakuna dadu wala karata ya kufichwa. Kila kete iko mbele ya macho ya wote wawili, na anayeshinda ameshinda kwa hesabu. Kwa sifa hiyo bao liko kundi moja na drafti na sataranji, michezo ambayo kompyuta imeizoea tangu zamani. Lakini sataranji ina programu zisizohesabika, ilhali bao, linalochezwa kuanzia Lamu na Unguja hadi Malawi na mashariki mwa Kongo, halijulikani sana nje ya eneo lake. Utafiti mkubwa wa kuliingiza kwenye kompyuta umefanyika Uholanzi, maelfu ya kilomita kutoka vijiwe linakochezwa.

Ulyankulu, katika wilaya ya Kaliua mkoani Tabora, ni mahali panapoonyesha vizuri kwa nini kazi hiyo si nyepesi, maana hapo zimekutana njia za watu wenye michezo tofauti ya ukoo wa bao. Njia kuu ya misafara ya biashara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ambayo wageni wa karne ya 19 waliiita Kazeh. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapo tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kujenga matembe yao. Kutoka Tabora njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, walioshuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na vitambaa, shanga na waya. Magharibi ya Tabora, eneo la Urambo na Ulyankulu lilikuwa kitovu cha dola ya Mtemi Mirambo, aliyeingia vitani na Waarabu wa Tabora mwaka 1871 na kufariki mwaka 1884. Safari za namna hiyo zilikuwa na kambi za kungoja chakula, mvua ikatike au vita vitulie. Mchezo unaotaka mbegu na mashimo tu ulikuwa na nafasi kubwa ya kusafiri nazo, maana ubao ukikosekana mashimo huchimbwa chini.

Baadaye Ulyankulu ilipokea watu wengine. Mwaka 1972 yalifunguliwa hapo makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, sawa na yale ya Katumba, na miaka michache baadaye yakafuata ya Mishamo. Vijiji vya Ulyankulu vikaja kutajwa kwa namba za barabara, na Barabara ya 13 ikapata jina nchi nzima kwa sababu ya kwaya yake. Kufikia mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo matatu walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Warundi nao wana mchezo wao wa safu nne, ikibuguzo, ambao Rwanda huitwa igisoro. Kaskazini ya Tabora Wasukuma wana isolo, na Waganda wana omweso. Ukanda huu wa magharibi, kwa hiyo, uko katikati ya michezo kadhaa ya ukoo mmoja: bao la pwani upande wa mashariki, isolo upande wa kaskazini, ikibuguzo upande wa magharibi.

Kwa mtazamaji wa mbali michezo hii ni mmoja. Anayekaa karibu anaona inavyoachana. Katika omweso na igisoro kete zote zinakuwa ubaoni tangu mwanzo. Ili kula, mashimo yote mawili ya mpinzani, la mbele na la nyuma, lazima yawe na kete, na zote zinachukuliwa. Yapo pia mashimo maalumu ambayo mchezaji anaruhusiwa kuyazungusha kinyume. Katika bao huliwa kete za safu ya mbele tu, na sehemu kubwa ya kete huanza mchezo zikiwa mkononi. Mtaalamu wa omweso akikaa mbele ya fundi wa bao atajikuta mwanafunzi, ingawa mashimo ni yaleyale 32 na kete ni zilezile 64.

Sheria za bao lenyewe ni hizi kwa ufupi. Kila mchezaji ana kete 32. Kumi zinawekwa ubaoni na 22 zinabaki mkononi. Katika safu ya mbele, shimo la tano kutoka kushoto kwa mwenyewe ni la mraba na linaitwa nyumba. Humo huwekwa kete sita, na mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia huwekwa mbilimbili. Awamu ya kwanza ni namua: kila zamu mchezaji anaingiza kete moja kutoka mkononi katika shimo la mbele lenye kete. Likiwa linakabiliana na shimo la mpinzani lenye kete, anakula. Kete zilizoliwa hugawanywa mojamoja kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, la kulia au la kushoto. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete linaloweza kula, anakula tena. Isipoweza kula, anazoa zilizomo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, inalala, na zamu inahama. Kula ni lazima. Asiyeweza kula anatakata, yaani anazungusha kete zake bila kula hata moja. Kete za mkononi zikiisha inaanza awamu ya mtaji, ambapo kete za ubaoni tu ndizo zinazotembea. Anayemalizwa safu ya mbele, au asiye na hatua ya kucheza, ameshindwa.

Hatua mbili za mwanzo zinatosha kuonyesha ukali wa hesabu yake. Mpango wa kuanzia hauna shimo lolote lenye kete linalokabiliana na lenye kete, kwa hiyo anayeanza hana budi kutakata. Tuseme anaingiza kete katika shimo la kwanza kulia kwa nyumba. Zinakuwa tatu. Anazizoa na kuzigawa kuelekea kushoto: moja inaingia nyumbani, ambamo sasa zinakuwa saba, na mbili zinaingia mashimo mawili yaliyokuwa matupu. Ya mwisho inalala. Moja ya kete hizo mpya inaikabili nyumba ya mpinzani yenye kete sita. Nyingine inalikabili shimo lililo jirani na nyumba hiyo. Mpinzani analazimika kula, na ana njia mbili. Akila kwa shimo la jirani, anapata kete moja na kuiacha nyumba yake wazi: zamu inayofuata mwenzake ataingiza kete mbele ya nyumba hiyo na kuzoa zote sita. Akila kwa nyumba yenyewe, anapata vilevile kete moja, lakini tishio lililoikabili nyumba linaondoka, na mwenzake ataambulia kete mbili tu za lile shimo la jirani. Faida ya papo hapo inalingana, lakini hasara ya baadaye haifanani kabisa.

Kompyuta inaipata tofauti hiyo kwa kufuata kila tawi. Inachukua hali ya ubao, inaorodhesha hatua zote halali, inacheza kila moja kwenye kumbukumbu, kisha inaorodhesha majibu yote ya mpinzani, na majibu ya majibu hayo. Inapofika kina ilichopangiwa inaipa kila hali alama, halafu inarudi juu ikidhani kwamba kila upande utachagua lililo bora kwake. Tawi ambalo tayari limeonekana baya linaachwa bila kuchunguzwa hadi mwisho, na hapo muda mwingi unaokolewa. Kuhifadhi ubao wenyewe hakuna gharama: namba 32 za mashimo, namba mbili za kete za mkononi, na alama chache za kuonyesha kama nyumba ya kila mchezaji bado ni nyumba. Baiti zisizofika 40 zinatosha. Simu ya bei nafuu inalibeba bao lote bila bando na bila mtandao.

Ugumu uko kwenye sheria. La kwanza ni nyumba. Mchezaji anayekula katika namua, kete yake ya mwisho ikiangukia nyumba yake ambayo haijavunjwa, yaani kete zake hazijawahi kuliwa wala kuzolewa zote, na hapo hana cha kula, anaruhusiwa kusimama hapo au kuisafirisha nyumba, yaani kuzizoa kete zake na kuendelea nazo. Uamuzi huu unakuja katikati ya hatua, baada ya kete kuanza kutembea. Katika sataranji hatua inatajwa kwa ukamilifu kabla ya kuguswa kitu. Programu ya bao lazima ijue kusimama, iulize, kisha iendelee. La pili ni takasia ya awamu ya mtaji. Mchezaji akitakata na kumwacha mpinzani asiye na cha kula, huku shimo moja tu la mpinzani huyo likiwa hatarini, mpinzani haruhusiwi kulihamisha shimo hilo kwa kutakata ili kulinusuru. Sheria hiyo ina vighairi vyake, kwa mfano pale shimo lenyewe linapokuwa nyumba. Ili kujua hatua zilizo halali sasa, programu inabidi ikague kwanza mpinzani angeweza kula nini zamu ijayo. La tatu ni idadi: katika awamu ya mtaji, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha hatua ya kula, kwa kuwa kete 16 zinazunguka mashimo yote 16 ya mchezaji na kurudi zilikotoka.

Jambo la nne liliwashughulisha watafiti zaidi. Kwa kuwa kete zinazoangukia shimo lenye kete huzolewa tena, upo uwezekano wa hatua kuzunguka bila kikomo, kete zikifukuzana na kamwe zisikute shimo tupu. Ubaoni watu watatazamana, mmoja atasema imetosha, na mchezo utaendelea. Kompyuta haina busara hiyo. Itazunguka mpaka betri iishe. Mwandishi wa programu analazimika kuweka kikomo cha mizunguko na kuamua kwamba hatua inayokivuka si halali, au itafutiwe suluhu nyingine. Hapo anakuwa amejaza pengo ambalo wachezaji wenyewe hawakuwahi kuhitaji kulijaza.

Utafiti wa kitaalamu ulianza na binadamu kabla ya mashine. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu umahiri wa mafundi wa bao, akitegemea kazi aliyoifanya na wachezaji wa Zanzibar. Sheria alizoziweka wazi ndizo zilizotumiwa na wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Maastricht. Mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walieleza namna ya kuliandikia bao programu, na kukadiria kwamba hali tofauti zinazoweza kutokea ubaoni zinakaribia namba ya moja yenye sifuri 25. Katika tasnifu yake ya mwaka 2003, Donkers alilitumia bao kuchunguza swali jingine: je, kompyuta inanufaika ikijua namna mpinzani wake anavyofikiri? Alizipambanisha programu zenye vipimo tofauti vya kupima ubao, vingine vimetungwa na mtu, vingine vimepatikana kwa mashine kujifunza kutokana na michezo mingi. Maneno ya ubaoni kama namua, mtaji, nyumba na takata yanatumika katika maandishi hayo yakiwa ya Kiswahili vilevile.

Jamaa wa bao walioko Afrika Magharibi walipata bahati tofauti. Awari, mchezo wa mashimo 12 na kete 48, ulitatuliwa kabisa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu Huria cha Amsterdam. Kompyuta zenye jumla ya vichakataji 144 zilikagua hali 889,063,398,406 na kupata kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Kalah, mchezo uliotungwa mwaka 1940 na Mmarekani William Julius Champion kwa mfano wa michezo hiyo, ulikuwa umekwisha kuingia kwenye kompyuta tangu miaka ya 1960, kwa sababu sheria zake ni chache na ziliandikwa na mtu mmoja. Bao halijatatuliwa. Ukilinganisha namba yake na ile ya awari, ni wazi kwamba kukagua hali moja baada ya nyingine hakutalifikisha mwisho.

Mwaka 2018 ulianza Maastricht mradi mpana zaidi, ukiongozwa na Cameron Browne, ambao hadi mwaka 2023 ulikusanya zaidi ya michezo 1,000 ya jadi kutoka duniani kote, bao likiwemo. Mfumo wake unaitwa Ludii. Badala ya kila mchezo kuandikiwa programu yake peke yake, Ludii hupokea maelezo ya mchezo yaliyovunjwa vipande vidogo vya sheria: ubao wa namna gani, kete zinaanzia wapi, zinagawanywaje, nini huliwa, mchezo unaisha lini. Kompyuta ikisomewa vipande hivyo inaweza kuuchezesha mchezo mara moja. Faida kwa eneo kama Ulyankulu iko hapo. Kutoka bao kwenda ikibuguzo hakuhitaji kuanza upya. Ni kubadilisha vipande vinavyohusu kula, nyumba na mwelekeo wa kuzungusha. Kinachohitajika ni mtu anayezijua tofauti hizo kwa usahihi.

Kwenye kioo cha simu mchezo unabadilika tabia. Ubaoni fundi analitazama rundo la kete ndani ya shimo, anakadiria ni tisa au kumi, na kuifuata hatua nzima kichwani mpaka inapolala, kabla hajainua hata moja. Programu nyingi huandika namba kando ya shimo, na mashimo yasiyoruhusiwa hufifia rangi. Mwanafunzi anasaidika sana, kwa sababu takasia humsumbua kila anayeanza. Lakini umahiri wa kuhesabu, ambao ndio unaomtenga fundi na mchezaji wa kawaida, unakuwa umefanywa na mashine. Programu iliyofikiriwa vizuri inaacha uchaguzi: namba ziwashwe au zizimwe, mwendo wa kete upunguzwe hadi mtu aone kila moja inapoangukia, na hatua iliyokwisha kuchezwa iweze kurudiwa kutazamwa bila kubadilishwa.

Kuna pia yaliyo nje ya ubao. Bao ni mchezo wa hadhara. Watazamaji wanasimama nyuma ya wachezaji, wanacheka kete zikilala vibaya, wanabishana kama nyumba ilistahili kusafiri. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulicheza na wazee wa Butiama, na hapo kiongozi alikaa kama mchezaji yeyote anayeweza kufungwa. Mbao zenyewe ni kazi ya fundi seremala. Misitu ya miombo ya Tabora ina mninga, mti unaochongeka vizuri na usiopasuka ovyo. Haya hayaingii kwenye simu, na haifai programu kudai kwamba imeyabeba. Kazi yake ni nyingine: kufundisha, kuwakutanisha wachezaji walio mbali, na kuweka kumbukumbu ya michezo. Kumbukumbu hiyo ndiyo bao linayoikosa zaidi. Sataranji ina michezo ya mabingwa iliyoandikwa tangu karne zilizopita; michezo mingi mikubwa ya bao ya Unguja na Dar es Salaam imepita bila kuandikwa. Programu inayohifadhi kila mchezo ingelifaa sana Shirikisho la Mchezo wa Bao Tanzania, klabu zake na walimu wanaotaka kuonyesha fundi alivyofikiri.

Swali linalobaki ni la sheria zipi. Programu inataka jibu moja kwa kila jambo, na jibu lililopo kwenye vitabu ni la Zanzibar, kwa sababu huko ndiko watafiti walikokaa na kuandika. Si kosa, sheria hizo ni kamili na zinaheshimika. Lakini simu ikishasambaza namna moja, mtoto anayejifunzia humo ataiona namna ya babu yake kuwa ni makosa. Isolo na ikibuguzo viko hatarini zaidi, kwani maandishi yake ni machache na wachezaji wake hodari ni watu wazima. Ulyankulu wapo waliozaliwa Burundi kabla ya mwaka 1972, na idadi yao inapungua.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kuuingiza mchezo kwenye kompyuta haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari, ubao na mzee anayecheza. Yaandikwe mambo machache kwa usahihi: kete zinapangwaje mwanzo, zinazungushwa upande gani na lini zinageuzwa, shimo gani linakula na linakula nini, hatua isiyoisha inaamuliwaje, na mchezo unakwisha vipi. Kila jibu lijaribiwe ubaoni mbele ya mchezaji wa pili, maana wachezaji wawili wakibishana ndipo sheria iliyosahauliwa inapotajwa. Kijana mwenye ujuzi wa kuandika programu atapatikana hata miaka ishirini ijayo. Mzee anayejua ikibuguzo ilivyochezwa kwao inafaa aulizwe mwaka huu.